Hesabu ya Darasa la Kwanza

Mwaka 1988 ulitupiga mara mbili sisi watu wa Ramisi, Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Kiwanda cha sukari, kilichokuwepo tangu 1927 na kilichowavuta Wakamba, Wamakonde na Wadigo wa vijiji vya jirani kuja kukata miwa, kilifungwa. Mwaka huohuo serikali ikapitisha sera ya wananchi kuchangia gharama za elimu na afya. Baba zetu walipoteza mshahara wakati uleule orodha ya michango ya shule ilipoanza kurefuka: ujenzi, madawati, mitihani, harambee ya hiki na kile. Nilikuwa darasa la sita. Nilibaki shuleni kwa sababu mjomba wangu alikuwa amepata kazi ya jikoni katika hoteli moja ya Diani, na yeye ndiye aliyenilipia. Wenzangu wa nyumba za kambi ya kiwanda walianza kupungua, leo huyu, mwezi ujao yule, na tulipofika darasa la nane kila mmoja wetu alikuwa na dawati lake peke yake.

Naanza na hayo kwa sababu kila panapozungumzwa msongamano wa madarasa, hakosekani mtu wa kusema kwamba elimu ya bure ndiyo iliyoharibu shule zetu. Mimi nimesoma katika darasa lenye nafasi, na najua nafasi ile ilipatikanaje. Kila dawati tupu lilikuwa la mtoto ninayemjua kwa jina, aliyekuwa akivua au akichuuza mkaa kando ya barabara ya Lunga Lunga huku sisi tukisoma kwa raha. Siutaki utulivu ule urudi.

Nilimaliza chuo cha ualimu cha Shanzu mwaka 1997. Mwaka uliofuata serikali ikasimamisha ajira mpya za walimu, na tangu hapo mtu aliajiriwa tu kuziba pengo la aliyestaafu au aliyefariki. Nikarudi nyumbani na cheti changu, nikafundisha kwa malipo madogo ya wazazi, hadi nilipopata nafasi ya mzee mmoja aliyestaafu katika shule ya upande wetu wa Ramisi. Nikapewa darasa la kwanza. Huko ndiko Januari 2003 ilikonikuta.

Mwai Kibaki aliapishwa kuwa rais Desemba 30, 2002, na shule zilipofunguliwa Januari ahadi ya kampeni ikawa sera: elimu ya msingi bila karo kote nchini. Walikuja watoto pekupeku, wasio na sare, wengine wamebebwa mgongoni na dada zao ambao nao walikuja kujiandikisha. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo tuliwapima kwa njia ya wazee: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto, akilifikia umri umetimia. Walikuwepo pia waliolifikia sikio bila taabu yoyote, vijana wenye sauti nzito waliokuwa wakienda dago, kambi za uvuvi, na baba zao tangu michango ilipowashinda nyumbani. Wote wakaandikwa darasa la kwanza, maana ndiko kusoma kunakoanzia. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, “Mwalimu, nimekuletea mwanao.” Nilipofunga rejista wiki ile, majina yalikuwa yamepita mia. Chumba kilichukua nusu yao. Waliobaki niliwakalisha nje chini ya mkanju, na kila kanju lilipoanguka somo lilivunjika mpaka apatikane wa kuliokota.

Kwa nchi nzima wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Na serikali ilileta fedha, hilo lazima lisemwe. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka: 650 za vitabu, madaftari na chaki, na 370 za matumizi mengine ya shule. Vitabu vilifika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kama mwanafunzi au mwalimu, niliona kabati la shule ya kijijini limejaa vitabu vipya.

Kilichosahauliwa katika hesabu ile ni mwalimu. Kusimamishwa kwa ajira kwa mwaka 1998 hakukuondolewa milango ilipofunguliwa. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sijaliona likiandikwa sana, ingawa kila aliyekuwa mwalimu enzi zile analijua. Kabla ya 2003 shule nyingi za kwetu zilisimama kwa walimu walioajiriwa na wazazi. Mkondo wa pili wa darasa la kwanza ulikuwa wa mwenzangu wa namna hiyo, kijana mwenye subira ambaye watoto walimpenda kuliko walivyonipenda mimi. Sera mpya ilipiga marufuku michango, nayo ilikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo, maana michango ndiyo iliyokuwa imewafukuza watoto. Lakini mshahara wa mwenzangu ulitoka kwenye mfuko huohuo. Mfuko ukakauka, naye akaaga kabla mwezi haujaisha, akaenda kutafuta kibarua Ukunda. Kwa hiyo watoto walipoongezeka maradufu, walimu wa darasa la kwanza walipungua kutoka wawili hadi mmoja. Mambo yote mawili yalitokana na tangazo moja.

Haya yalikuwa yameshatokea. Desemba 12, 1973 Jomo Kenyatta alitangaza kwamba madarasa manne ya mwanzo hayatalipiwa, na Januari 1974 wanafunzi wakaruka kutoka milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8. Walimu hawakuwepo wala vyumba havikuwepo. Shule zikajitungia mchango wa ujenzi, ambao mahali pengi ulizidi karo iliyofutwa, na watoto wengi waliokuwa wameingia kwa shangwe wakatoka kimyakimya. Uganda ilifungua milango yake mwaka 1997, wanafunzi wakapanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Kila mara Afrika Mashariki hii mambo yalikwenda kwa mtindo huo: mtoto aliandikishwa kwa asubuhi moja, mwalimu wake alihitaji miaka miwili chuoni, na tangazo lilitangulia bila bajeti ya ile miaka miwili.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kiwango tulichozoea kusikia Kenya ni mwalimu mmoja kwa watoto arobaini. Maafisa walipokuja kutukagua walichukua idadi ya wanafunzi wa shule nzima, wakaigawa kwa idadi ya walimu, na namba iliyotoka haikuwatisha. Namba ilikuwa sahihi, lakini ilipatikana kwa kuchanganya darasa langu la zaidi ya mia na darasa la nane la watoto wachache. Darasa la nane la kwetu siku zote lilikuwa dogo. Wasichana walikuwa wameolewa, wavulana wameingia baharini au wamekwenda kutafuta riziki kwenye mahoteli, na baadaye kwenye bodaboda. Yaani kadiri watoto walivyoacha shule, ndivyo wastani wa shule ulivyopendeza. Kila mtoto aliyepotea kati ya darasa la kwanza na la nane aliifanya namba ya mkaguzi iwe nzuri zaidi, na nafasi ya mwalimu wa kuongezwa ilikwenda shule nyingine.

Ndani ya shule nako mgawanyo uliegemea upande uleule. Shule ilipimwa kwa alama za KCPE, mtihani wa darasa la nane, basi walimu hodari na wazoefu waliwekwa juu, penye watahiniwa. Darasa la kwanza alipewa mgeni, au mwenye mimba, au aliyekaribia kustaafu. Nilisikia walimu wenzangu wakisema waziwazi kwamba huko chini ni kuimba tu.

Somo la madarasa ya chini lilikuwa la dakika 30. Watoto mia na kumi wakigawana dakika hizo, kila mmoja anapata sekunde kumi na sita, endapo mwalimu hatasema na darasa hata neno moja. Kwa hiyo darasa kubwa linakwenda kwa pamoja, mwalimu anasoma na watoto wanaitikia, na ukipita nje utasikia sauti tamu ukadhani watu wanasoma.

Palikuwa na mvulana mmoja wa Mwananyamala ya huku Kwale aliyekaa safu ya mwisho kando ya dirisha. Sauti yake ilikuwa ya kwanza kila mara. Ukurasa mzima wa kitabu cha Kiswahili alikuwa nao kichwani, na alipousoma alipitisha kidole chini ya maneno kama anayesoma kweli. Siku moja muhula wa pili nikafunika mstari kwa kipande cha karatasi, nikamwachia neno moja tu, “kuku”, na picha nikaiziba kwa kiganja. Akanitazama. Kisha akaanza ukurasa tangu mwanzo, taratibu, akihesabu kwa kidole hewani, ili alifikie neno lile kwa mpangilio. Alikuwa amejitengenezea njia yake mwenyewe ya kuishi ndani ya darasa lile, kwa akili ambayo ingetosha kabisa kujifunza silabi zote kwa mwezi mmoja kama angekuwa na mtu wa kumkalia karibu. Nikawapima hivyohivyo wengine wa safu zile za nyuma, na wengi walikuwa kama yeye.

Njia niliyoishika baada ya hapo sikufundishwa Shanzu. Niliikumbuka kutoka chuoni, chuo cha Qur'ani nilichokulia. Mwalimu wetu alikuwa mmoja na sisi tulikuwa wengi, wa miaka mitano hadi kumi na mitano katika baraza moja, lakini hakuna aliyesomeshwa kwa jumla. Kila mtoto alikuwa na mahali pake pa kusoma: mmoja yuko kwenye alifu, mwingine Juzuu Amma, mwingine anakaribia kuhitimu. Wakubwa waliwasikiliza wadogo, na hakuna aliyesogezwa mbele mpaka mwalimu mwenyewe amsikilize. Makelele yalikuwa mengi, lakini kila kelele ilikuwa ya mtoto anayesoma kilicho chake. Wale vijana wakubwa wa 2003, walioona haya kukaa na watoto wa miaka sita, ndio walioniokoa. Walijua silabi kabla ya wengine kwa kuwa walikuwa na hamu. Nikaligawa darasa makundi kufuata kile ambacho kila mtoto anakijua, kila kundi likawa na mkubwa wake, na mimi nikazunguka nikikaa na kundi moja kwa kila kipindi. Hadi mwisho wa mwaka yule mvulana wa dirishani aliweza kusoma neno lolote la silabi tatu nililoliandika ubaoni.

Hata hivyo sitaki njia hiyo isifiwe kupita kiasi. Vijana wale walikuja kusomeshwa, hawakuja kufundisha, na kila saa waliyonipa ilikatwa katika masomo yao. Mbinu ya mwalimu ikisifiwa mno, anayepanga bajeti hupata sababu ya kutoajiri.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mwalimu mkuu aliyehamia kwetu miaka kadhaa baadaye. Alizisoma rejista zote, akaitisha mkutano wa wazazi, akasema kwamba atamtoa mwalimu mmoja mzoefu darasa la saba na kumleta darasa la kwanza, tuwe wawili tena. Mkutano ulichafuka. Baba mmoja mwenye binti darasa la saba alisimama akasema, “Mheshimiwa, mtihani ni wa kina sisi mwakani. Hawa wadogo wana miaka saba mbele yao.” Hoja yake haikuwa ya kijinga, alikuwa ametumia alichokuwa nacho chote kumfikisha binti yake pale. Akajibiwa na bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu: “Hiyo miaka saba wataikaa wakifanya nini, ikiwa hawajui kusoma?” Mwalimu mkuu alisimama kwenye neno lake. Wastani wa KCPE ulishuka kidogo mwaka ule, naye akalaumiwa sana. Lakini nilikaa shule ile muda wa kutosha kuwaona watoto wa mwaka ule wakipanda, na darasa lao lilifika la nane likiwa limepungua kidogo kuliko yote niliyowahi kuyaona pale. Mtoto anayejua kusoma ana sababu ya kurudi shuleni kesho.

Najua kupunguza idadi peke yake si dawa. Wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waliwahi kuzifuatilia shule 210 za magharibi mwa Kenya, ambako 140 zilipewa fedha za kuongeza mwalimu wa mkataba darasa la kwanza, na darasa likashuka kutoka watoto zaidi ya themanini hadi arobaini na kitu. Watoto waliobaki na mwalimu wa serikali hawakupanda kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu baadhi ya walimu walilegeza kamba mzigo ulipopungua. Waliokwenda kwa mwalimu wa mkataba, aliyewajibika kwa kamati ya shule, walipanda. Na pale watoto walipogawanywa kufuata wanachokijua, wa juu na wa chini wote walifaidika. Sisi walimu hatupendi kuusikia utafiti huu, na chama chetu kina haki ya kuogopa kwamba utatumiwa kuhalalisha mishahara duni. Tuliona mwaka 2024 walimu wanagenzi wa sekondari msingi wakiandamana kwa sababu walipewa mzigo wa mwalimu kamili kwa posho ndogo. Mimi nausoma hivi: darasa lipunguzwe, mwalimu aajiriwe kwa heshima, na wazazi wa shule ile wawe na sauti juu ya kazi yake. Hayo matatu yaende pamoja.

Mpango wa Tusome, ulioenea nchini tangu 2015, ulithibitisha upande mwingine. Kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili alipewa kitabu chake mwenyewe, na mwalimu akatembelewa darasani na mtu wa kumsaidia. Kabla ya hapo vichwa vitatu vilikuwa vikigombania kitabu kimoja, na wa pembeni aliona herufi zimelala upande.

Tabu yetu nyingine ni kwamba fedha za shule moja zinakaa katika mifuko isiyosemezana. Mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, CDF, ulioanza 2003, umekuwa ukijenga vyumba. Shule nyingi za Msambweni, eneobunge letu, zina chumba kipya kilichopakwa rangi. Chumba hicho hakiji na mwalimu. Tume ya walimu, TSC, huajiri walimu lakini haijengi. Kaunti, tangu ugatuzi wa 2013, inasimamia chekechea na kuwaajiri walimu wake. Mtoto wa Ramisi anasoma chekechea akiwa chini ya kaunti, kisha Januari inayofuata anavuka uwanja uleule wa shule na kuingia Gredi ya Kwanza, jina jipya la darasa la kwanza, chini ya mwajiri mwingine, na hakuna anayemkabidhi kwa mwenzake na kusema wanakuja watoto wangapi. Ajabu ni kwamba chekechea ingeweza kutuambia idadi hiyo mwaka mzima kabla. Tulishtushwa mwaka 1974 na 2003. Sasa hivi hakuna sababu ya mtu kushtuka.

Kisha kulikuwa na wasiohesabiwa kabisa. Mgao wa fedha ulipoanza kufuata NEMIS, mfumo wa taarifa za wanafunzi, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alikalia dawati bila kuhesabiwa katika fedha za shule. Huku pwani ya kusini jambo hilo lilikuwa zito. Wamakonde wa Makongeni walitambuliwa kuwa raia baada ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016, na Wapemba wa Shimoni na Vanga walisubiri mpaka 2023. Watoto wao walikuwa darasani miaka yote hiyo, na mwalimu aliyewafundisha hakuwa na chaguo la kuwatoa kwenye hesabu yake.

Mwaka 2023 Gredi ya Saba ilipowekwa ndani ya shule za msingi, nguvu zote zikaelekea huko tena: ajira, maabara, mijadala ya redioni. KCPE imekwisha, mtihani wa mwisho ukafanywa mwaka huohuo, lakini mazoea ya kutazama juu yamebaki. Ninachokitaka kinaweza kuanza Kwale bila sheria mpya. Kila shule ibandike ukutani, darasa kwa darasa, idadi ya watoto na jina la mwalimu wao, kuanzia Gredi ya Kwanza. Kaunti iipelekee TSC hesabu ya watoto wa chekechea ifikapo Juni. Na nafasi ya kwanza ya ajira inayotolewa kwa shule yoyote ijazwe kule chini ambako rejista ni ndefu kuliko zote, kabla ya kutafutwa mwalimu wa gredi nyingine yoyote.